Meza ya Ubao Mmoja: Jinsi ya Kuifunga Isipasuke

Kila mkulima anaijua dawa ya jembe linalocheza mpinini. Jioni hulitia majini, na asubuhi hulikuta limekaza. Mpini umekunywa maji, umevimba, umejaza tundu la chuma. Kiangazi kikija mpini hunywea, na jembe hulegea tena. Mvuvi wa Gazi au Shimoni naye anajua jambo hilo hilo. Dau likikaa juu ya mchanga siku nyingi za jua, mbao zake huachana hata mtu akaona mwanga kati yake. Likirudishwa majini, mbao huvimba na nafasi zile hufumba.

Ndugu mkulima, somo la mwezi huu ni la meza, lakini asili yake ni jembe lile na dau lile. Mti hata ukikatwa, ukapasuliwa, ukapigwa randa na kupakwa vanishi, haukomi kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Mtu anayepigilia uso wa meza misumari pande zote, kana kwamba anaezeka bati, anauzuia ubao usicheze. Na ubao ulionyimwa nafasi ya kucheza hujitafutia nafasi wenyewe kwa kupasuka.

Jambo hili lina maana kubwa kwetu katika mashamba ya skimu. Shimba Hills, ambako wakulima wa skimu walianza kupewa mashamba katika miaka ya 1950, na vile vile kote kuanzia Diani hadi Msambweni, kuna miembe mikubwa ya zamani. Mwembe mmoja wa namna hiyo waweza kutoa mbao pana za kutosha meza nzima bila kuunga. Meza kama hizo hutakiwa nyumbani, shuleni, katika hoteli za chai, na hata katika hoteli za wageni ufuoni Diani. Lakini mwembe ule ulichukua miaka arubaini au zaidi kukua. Ukiupasua vizuri, ukaukausha vizuri, kisha ukaufunga vibaya, kiangazi kimoja tu chatosha kukupotezea mti, kazi yako na bei ya mnunuzi. Kwa hiyo soma somo hili mpaka mwisho kabla ya kushika nyundo.

KABLA YA KUKATA MTI

Usiukate mwembe kwa sababu tu hauzai vizuri. Kamwite kwanza bwana shamba auangalie. Mwembe wa zamani wenye shina zima waweza kukatwa matawi, na machipukizi yake yakaunganishwa na aina nyingine inayouzika, kama vile Ngowe au Apple. Baada ya miaka michache utavuna tena, wala hutapata mbao bali matunda. Ukate mti ule tu ambao umekwisha choka, au umeangushwa na upepo, au umesimama mahali pa nyumba.

Tena mwone chifu na afisa wa misitu, wakueleze vibali vinavyotakiwa vya kukata na vya kusafirisha mbao. Mbao zisizo na kibali zaweza kukamatwa njiani. Miti ya msitu wa kaya usiiguse kabisa, hata ule ulioanguka wenyewe. Kaya za Wamijikenda, na Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani ni mojawapo, ziliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kabla ya hapo zililindwa na wazee kwa vizazi vingi.

Mti ukikatwa, upasuliwe mapema. Gogo la mwembe likilala chini majuma mengi huingia ukungu wa rangi ya buluu na wadudu watobozi. Mwambie mpasuaji asiache moyo wa mti katikati ya ubao wako. Ubao wenye moyo ndani yake hupasuka hata ukifungwa na fundi hodari kuliko wote. Mbao mbili zilizo kandokando ya moyo ndizo nzuri.

KUUKAUSHA UBAO

Ubao mbichi haufungwi juu ya miguu. Huo ndio msingi wa kazi yote.

Jenga kibanda cha makuti kisicho na kuta, mahali pa kivuli panapopita upepo. Weka mawe au matofali, na juu yake maboriti, ili rundo liwe juu ya ardhi kiasi cha futi moja na nusu na mchwa wasipate njia ya siri. Panga mbao, na kati ya ubao na ubao weka vijiti vikavu vya unene wa inchi moja. Vijiti viachane kwa futi moja na nusu, na kila kijiti kikae sawasawa juu ya mwenzake wa chini. Visipopangana hivyo, ubao utapinda. Paka ncha za kila ubao rangi nzito au nta, kwa kuwa maji hutoka upesi kupita ncha, na hapo ndipo nyufa huanza. Weka mawe mazito juu ya rundo.

Mbao za mwembe hupendwa sana na wadudu. Mara tu baada ya kupasua, zipake pande zote maji yaliyochanganywa na boraksi na asidi ya boriki kwa kipimo atakachokupa muuzaji wa dawa. Vaa glovu, na dawa iwekwe mbali na watoto.

Mafundi wa zamani huhesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi moja ya unene. Ni hesabu nzuri ya kuanzia, lakini iko njia ya hakika zaidi, nayo ni mizani ile ile unayopimia mahindi au mbata. Pima ubao mmoja kila mwezi na uandike uzito wake katika daftari. Mwanzoni uzito utashuka upesi, kisha polepole. Ukiona miezi mitatu ya ukavu imepita na uzito haushuki tena, basi ubao umelingana na hewa ya mahali pako.

Ukitaka kujua kiasi cha maji yaliyobaki, kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kutoka nchani. Kipime katika mizani ya duka. Kisha kikaushe katika joto la oveni lipitalo kidogo lile la maji yanayochemka, bila kukiunguza, hata kisipungue tena. Kipime mara ya pili. Tuseme mwanzo kilikuwa gramu 230 na mwisho gramu 200. Maji yalikuwa gramu 30. Gawanya kwa 200, utapata sehemu 15 kwa mia. Hapa pwani, kwa sababu ya unyevu wa bahari, ubao uliokauka kibandani huishia karibu na sehemu 14 hadi 16 kwa mia. Usitazamie kushuka sana chini ya hapo.

UBAO HUCHEZA UPANDE GANI, NA KWA KIASI GANI

Tazama ubao wako. Nyuzi zake zimekwenda kwa urefu, kama zilivyosimama katika shina. Kwa urefu huo ubao haubadiliki kiasi cha kukusumbua. Mabadiliko yote ya maana ni ya upana. Ubao ukinywa unyevu hupanuka. Ukikauka hunywea na kuwa mwembamba. Kumbuka maneno haya: urefu hutulia, upana hucheza.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme ubao una urefu wa futi 7, upana wa inchi 30, yaani sentimita 75, na unene wa inchi 2. Kwa mbao nyingi, kila sehemu moja kwa mia ya maji inayoingia au kutoka hubadilisha upana kwa kadiri ya moja katika mia tano. Moja katika mia tano ya sentimita 75 ni milimita moja na nusu. Ubao ukitoka katika unyevu wa masika mwezi wa Mei, ukaingia ukavu wa kaskazi mwezi wa Februari, na maji yake yakapungua kwa sehemu 4, upana utapungua milimita 6. Hiyo ni robo ya inchi.

Robo ya inchi ni kitu kidogo kwa macho, lakini nguvu ya mti unaonywea au kuvimba si ndogo. Wachonga mawe wa zamani walipasua mawe kwa kupigilia kabari za mti mkavu na kuzimwagia maji. Msumari wako hauwezi kushindana na nguvu hiyo. Ama utapinda, ama utang'oka, ama ubao utapasuka katikati.

Kumbuka pia kwamba meza husafiri. Ubao uliokaukia Diani ukipelekwa Nairobi au Voi, utakutana na hewa kavu zaidi na utanywea zaidi. Hata hapa hapa Diani, chumba cha hoteli chenye mashine ya kupoza hewa ni kikavu kuliko baraza lako. Kwa hiyo muulize mnunuzi meza itakaa wapi, kisha uache nafasi ya kutosha.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Msumeno, randa, patasi ya nusu inchi, keekee na ncha zake, bisibisi, tupa ndogo ya mviringo, kipimo, penseli, na nta ya nyuki. Skurubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi ya pwani hula skurubu za chuma cha kawaida, na kutu huacha doa jeusi katika mti. Kwa kila skurubu tafuta na washa, yaani kile kisahani cha chuma chenye tundu.

Kwa miguu, tumia mti mgumu uliokauka. Mwarobaini ni mzuri, kwani uchungu wake huwachukiza wadudu. Mvinje ni mgumu na hufaa kwa miguu, lakini toboa tundu kabla ya kutia skurubu, kwa maana hupasuka upesi.

NJIA YA KWANZA: MBAO ZA KUKINGAMA ZENYE MATUNDU MAREFU

Hii ndiyo njia inayomfaa mkulima anayejifunza.

Kwanza, tengeneza fremu ya miguu: miguu minne, mbao mbili ndefu za ubavuni na mbili fupi za kichwani, zenye upana wa inchi 4. Ziunge kwa ndimi na matundu, uzitie gundi. Fremu hii peke yake sharti isimame imara bila kutegemea uso wa meza. Fremu inayoyumba haiponi kwa kuwekewa ubao mzito juu yake.

Pili, kata mbao tatu za kukingama, kila moja upana wa inchi 4 na unene wa inchi 1, za mti mgumu. Zilaze bapa kati ya mbao ndefu za ubavuni: moja karibu na kila mwisho, na moja katikati. Zichomeke katika mbao za ubavuni, na uso wake wa juu uwe sawa kabisa na ukingo wa juu wa fremu. Pitisha ubao ulionyooka juu ya fremu yote kuhakikisha.

Tatu, toboa matundu matatu katika kila ubao wa kukingama. Tundu la katikati liwe la mviringo, la kukaza skurubu bila kucheza. Matundu mawili ya pembeni yawe marefu. Kutengeneza tundu refu, toboa matundu mawili au matatu yanayogusana kwa mstari, kisha yaunganishe kwa patasi na kuyalainisha kwa tupa. Urefu wa tundu ufuate upana wa meza, usifuate nyuzi za ubao wa juu. Wengi hukosea hapa. Kwa meza yetu ya inchi 30, skurubu ipate nafasi ya milimita 5 kila upande. Skurubu nene ya milimita 5 itataka tundu la urefu wa milimita 15.

Nne, laza ubao wa juu kifudifudi juu ya magunia safi. Ubao huu wa mwembe mkavu una uzito wa kilo 50 na zaidi, basi mwite jirani akusaidie. Pima katikati ya upana na uchore mstari wa penseli kutoka mwisho hadi mwisho. Geuza fremu, uiweke juu yake, na kila tundu la mviringo likae juu ya mstari ule.

Tano, weka alama za skurubu. Katikati hapana shida. Katika matundu marefu, tazama kwanza majira:

Ukifunga meza wakati wa ukavu, kama Januari na Februari, ubao umenywea na utapanuka masika yakija. Skurubu iwekwe karibu na mwisho wa ndani wa tundu, ulio upande wa mstari wa katikati, ipate nafasi ya kwenda nje.

Ukifunga meza wakati wa mvua, kama Mei na Juni, ubao umepanuka na utanywea baadaye. Skurubu iwekwe karibu na mwisho wa nje wa tundu, ipate nafasi ya kurudi ndani.

Ukifunga wakati wa kati na kati, iweke katikati.

Sita, toboa ubao wa juu kwa ncha nyembamba kuliko skurubu. Funga kitambaa au uzi juu ya ncha ya keekee, inchi moja na robo kutoka kichwani mwake, ili usipite mpaka uso wa pili. Paka skurubu nta, tia washa, ukaze. Kwa ubao wa kukingama wa inchi 1 na ubao wa juu wa inchi 2, skurubu ya inchi mbili na robo yatosha. Itaingia juu inchi moja na robo. Skurubu za katikati zikaze sana. Zile za pembeni zikaze hata washa iguse, kisha uzilegeze robo mzunguko. Uzito wa ubao wenyewe unatosha kuukalisha. Kazi ya skurubu za pembeni ni kuuzuia usipinde na usinyanyuke watu wanapobeba meza.

Usitie gundi mahali popote kati ya ubao wa juu na fremu.

NJIA YA PILI: VIFUNGO VYA MBAO

Njia hii hutumia skurubu fupi na haionekani kwa nje. Badala ya mbao za kukingama, chimba mfuo upande wa ndani wa mbao zote nne za fremu, nusu inchi chini ya ukingo wa juu. Mfuo uwe na kina cha milimita 15 na upana wa milimita 10.

Kisha kata vifungo vya mti mgumu, kila kimoja urefu wa inchi mbili na nusu, upana wa inchi moja na nusu na unene wa inchi moja. Mwisho mmoja wa kifungo uukate uwe ulimi utakaoingia katika mfuo. Nyuzi za kifungo ziende kwa urefu wake mpaka ndani ya ulimi. Zikikingama, ulimi utavunjika siku ya kwanza. Kifungo hukazwa kwa skurubu moja kwenye ubao wa juu, na ulimi wake huvuta fremu. Upime vizuri, hata ulimi unapogusa ukuta wa juu wa mfuo, kati ya kifungo na ubao pabaki nafasi nyembamba kama kadi. Skurubu ikikazwa nafasi hiyo ndiyo itakayovuta.

Katika mbao ndefu za ubavuni, ulimi uingie milimita 10 tu, yaani pabaki nafasi ya milimita 5 mbele yake. Ubao ukipanuka, ulimi utaingia ndani zaidi. Ukinywea, utatoka kidogo bila kuachia. Katika mbao fupi za kichwani hapana haja ya nafasi hiyo, kwa kuwa huko vifungo huteleza kwa ubavu ndani ya mfuo. Weka kifungo kila baada ya futi moja na nusu. Mwisho, katikati ya kila ubao wa kichwani tia kipande kimoja kilichokazwa kwa skurubu kotekote, ili meza ichezee kutoka katikati na isihame upande mmoja.

MIGUU YA CHUMA

Siku hizi wanunuzi wengi hupenda miguu ya chuma. Hakuna ubaya, lakini chuma hakifuati ubao unapocheza. Mwambie fundi wa kuchomelea, kabla hajaanza kazi, kwamba kila bamba linaloshika ubao liwe na tundu moja la mviringo katikati na matundu marefu pembeni, kama tulivyoeleza. Akikwisha kuchomelea ni vigumu kurekebisha. Bamba liwe pana na gumu, maana ndilo litakalouzuia ubao usikunjike. Chuma chote kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kugusa mti.

KUPAKA MAFUTA

Paka uso wa juu na uso wa chini sawasawa. Ubao uliopakwa juu tu hunywa unyevu upande wa chini peke yake, na hukunjika kama kuti juani. Tumia vanishi, au mafuta ya kitani yaliyochemshwa ambayo hukauka. Mafuta ya nazi hayakauki, na baada ya muda huvunda. Sifa ya papa inafaa dau, haifai mahali pa kulia chakula. Vitambaa vilivyotumika kupakia mafuta ya kitani usivirundike. Huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au uvitie majini.

MEZA ILIYOKWISHA PASUKA

Ukiwa na meza yenye ufa, usianze kwa kujaza ufa. Anza kwa kuondoa chanzo chake. Ng'oa misumari yote, ondoa vipande vilivyopigiliwa kukingama nyuzi, uache ubao huru kibandani mwezi mmoja au zaidi. Mara nyingi ufa utapungua wenyewe. Kisha chonga kipande cha mti mgumu cha umbo la kipepeo, chembamba kiunoni na kipana pande mbili, ukizamishe upande wa chini kuvuka ufa, na ukitie gundi. Vipepeo viwili vyatosha kwa ufa wa futi moja. Baada ya hapo ufunge ubao upya kwa njia mojawapo ya zile mbili.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Ubao mbichi haufungwi.
2. Urefu hutulia, upana hucheza.
3. Kaza katikati, legeza pembeni.
4. Tundu refu lifuate upana wa meza.
5. Hakuna gundi wala msumari kati ya ubao na fremu.
6. Paka juu na chini.

JIPIME MWENYEWE

Tuseme mkulima wa Mkongani ana ubao mkavu wa upana wa inchi 24, naye anaufunga mwezi wa Februari. Je, skurubu za pembeni ataziweka mwisho upi wa tundu? Na kama ubao utaongezeka maji kwa sehemu 4 kwa mia, utapanuka kiasi gani? Fanya hesabu yako kwanza, ndipo usome jibu.

Jibu: Ataziweka karibu na mwisho wa ndani, kwa sababu ubao utapanuka masika yakija. Inchi 24 ni sentimita 60. Moja katika mia tano ni zaidi kidogo ya milimita moja. Kwa sehemu 4 ni kama milimita 5, nusu yake kila upande.

Ukikwisha kufunga meza yako, chora alama ndogo ya penseli upande wa chini, pale ukingo wa fremu unapogusa ubao. Itazame mwezi wa Februari, uitazame tena mwezi wa Juni, na uandike tarehe katika daftari. Ukiona alama imesogea na ubao ungali mzima, ujue umefunga vema. Umwonyeshe na jirani yako, naye ajifunze kabla hajaupasua mwembe wake.